Nicolas Mara Mbili

Mi sikusomea mashine. Nilisomea kushona, nikaacha, nikauza samaki badogo ba ndagala, nikachoka na harufu, njo yaya yangu Norbert, kaka yangu mukubwa, akanitafutia hii kazi ya ku bureau ya maboti hapa Baraka. Kwa hiyo muntu asikuye kuniuliza memware ya mashine, ile kumbukumbu yake, inafanya nini. Nitasema vile niliona. Fasi sikuelewa, nitasema sikuelewa.

Norbert mwenyewe iko muntu wa ajabu kidogo. Miaka mingi alikuwa anatengeneza radio, kisha telefone, kisha akaenda Uvira kusoma, akarudi na mashine moja nzee na kichwa kimejaa maneno. Anavaa shati anakosea vifungo. Anaweza kula bugali bila mboga na asione kama mboga haiko. Mama yetu alikuwa anasema, "Huyu mutoto wangu, mwili iko hapa, ye mwenyewe iko mbali." Lakini kitu kikiharibika mu hii mitaa yetu, ni yeye banaita.

Zamani, liste ya basafiri ilikuwa inasafiri ndani ya boti, mu suruali ya kapiteni. Boti ikizama, liste nayo inazama! Bantu banabaki ku kivuko banaulizana: nani alikuwa ndani? Nani hakukuwa? Bantu bazima na akili yao, na miaka yote hiyo hakuna mwenye aliona kama ile ni ujinga. Norbert njo aliona. Akafanya programe: kule Kazimia, fasi maboti inatokea, karani Déogratias anaandika kila musafiri, hata kapiteni, jina yake, fasi atashukia, na namba ya telefone ya muntu mwenye atamupokea, ju basafiri benyi wenyewe habana telefone. Inatumwa kwangu Baraka, musitari kwa musitari, mbele boti itoke.

Alijaribu kunielezea. Tulikuwa tunakula.

"Arlette, angalia. Jina iko mu mufuko wake ndani ya memware. Namba iko mu mufuko mwingine. Fasi ya kushukia, mufuko mwingine. Mi sibiunganishe."

"Ju ya nini usibiunganishe? Andika barua moja, tuma, maneno iishe."

"Kukopia mara mbili ni kupoteza memware, na ile mashine ya Kazimia iko na memware kidogo. Naipatia tu sisteme ya mashine karatasi: jina iko fasi hii, urefu wake hii, namba iko fasi ile, urefu wake ile. Yenyewe inapita, inaokota vipande vyote, inatuma mara moja. Ikifika hapa kwako, inamwanga tena kila kipande mu mufuko wake."

"Inaokota, kisha inamwanga."

"Njo vile!"

Alifurahi sana, akafikiri nimesikia. Mi sikusikia kitu. Nilimwongezea samaki.

Basi, siku moja ya tatu ya juma, boti moja ilitoka Kazimia asubuhi. Ilikuwa ya Papa Sadiki, prezida wa chama cha benye maboti. Liste ikanifikia, misitari kumi na saba. Nikaibandika ku mulango kama kila siku, sikuiangalia vizuri. Saa nne na kitu telefone ikalia: mawimbi imepindua boti, na boti ya bavuvi iko inaokota bantu ndani ya maji.

Jamani! Na bureau ikajaa palepale, sijui nani alibaambia. Bamama banashika kichwa, bengine banavuta ile liste mupaka ikachanika pembeni. Kila muntu ananiuliza, na mi sina muntu wa kuuliza.

Telefone tena. Ni Eugène, muvuvi mwenye alikuwa anaokota bantu. Eugène anaongea na telefone sawa vile anaongea na muntu wa ngambo ingine ya ziwa.

"Arlette! Niko nabo kumi na sita! Liste inasema ngapi?"

Nikahesabu. Kumi na saba. Nikarudilia na kidole: kumi na saba.  Kisha nikaona: musitari wa saba, Nicolas Etabo. Musitari wa nane, Nicolas Etabo.

"Eugène, Nicolas Etabo iko hapo?"

"Iko hapa anatapika!"

"Ni Nicolas moja tu?"

"Sasa unataka Nicolas bangapi? Ni moja!"

Nikapumua. Huyu Déo na usingizi wake! Nikamuambia Eugène, "Basi bametimia. Déo aliandika Nicolas mara mbili. Bantu ni kumi na sita, mukuye tu." Nikamusikia anabatangazia bale beko naye, kisha moteri ikawaka. Na mi nikatangaza hapa. Bamama bakapiga vigelegele, moja akanikumbatia mupaka kitambaa changu cha kichwa kikaanguka. Nilikuwa nasikia furaha, na kiburi kidogo vilevile, kwa nini nifiche?

Norbert akafika akikimbia, kiatu kimoja hakifungwe. Nikamuonyesha liste nikicheka. Ye hakucheka.

"Déo hawezi kuandika jina moja mara mbili na namba moja. Nilikataza. Programe inamurudishia."

"Basi programe yako ililala."

"Angalia namba, Arlette."

Nikaangalia. Musitari wa saba iko na namba yake, musitari wa nane iko na namba yake. Haifanane. Mi nilikuwa nimesoma majina tu.

"Bantu benyi beko na namba mbili," nikasema. "Hata we uko na mbili."

"Ndiyo," akasema. Akaikala chini. "Ndiyo, inawezekana."

Njo tulianza kuchanganyikiwa sasa. Pengine Nicolas alipatiana namba ya bibi yake na ya shemeji yake. Pengine kulikuwa Nicolas mwingine, mutoto wa baba mudogo, akashuka mbele boti itoke. Pengine Déo alikosea tu. Tukamupigia Déo, Kazimia hakuna rezo, telefone haipite. Tukapiga tena, hakuna. Papa Sadiki akatokea, jasho inamushuka, akasema, "Norbert, usituletee maneno. Bantu banaimba pale inje. Unataka niende nibaambie nini? Kama mashine yako imeona shetani?"

 Norbert alifungua mashine yake, akaanza kusoma yale maandiko yake anasema peke yake, kidole ku kioo. Mi nilikuwa nasimama nyuma yake sioni kitu, ni sisimizi tu zinatembea. Hasira ikanishika. Nikamuambia, "Yaya, sema kwa kinywa! Ule musitari ni kosa ao ni muntu?"

Akageuka. Uso wake ulikuwa sawa majivu.

"Kwa namba, nilifanya mifuko mingi," akasema polepole. "Kwa jina nilifanya mufuko moja, ju ya kubana memware. Déo anaandika muntu wa saba. Jina inaingia mu mufuko. Programe inaipatia sisteme karatasi: enda uokote pale. Lakini rezo inakatika, sisteme haijaenda bado. Déo hangojee, boti iko inajaa, anaandika muntu wa nane. Na programe yangu inatia Nicolas mu mufuko uleule."

Nikamuambia, "Ni sawa kumutuma muntu: enda uchukue beseni ya maharagwe ku mulango wangu. Mbele afike, we unamwanga maharagwe, unatia ndagala."

"Ndiyo."

"Na ukimutuma tena kwa ule wa nane, anakuta ndagala ileile."

"Ndiyo. Hapa Baraka nilijaribu na mashine mbili juu ya meza moja. Mufuko ulikuwa unaokotwa mbele upepese jicho. Sikungojea sisteme iniambie imemaliza. Sikuiuliza hata mara moja."

"Basi musitari wa saba ni muntu."

"Ni muntu."

"Nani?"

"Sijuwe, Arlette. Jina yake nilimwanga. Imebaki namba."

Tukapiga ile namba. Mara ya kwanza tu, mama moja akapokea, nyuma yake sauti ya sahani.

"Alo? Ni bureau ya boti? Mungu abariki! Nimesikia bote bamepona, niko namupikia sombe."

Norbert akanisukumia telefone.  

"Mama, samahani. Unangojea nani?"

"Vainqueur, mutoto wangu, ule fundi wa mbao. Ameshafika? Munipatie nimusikie sauti."

"Bado, mama," nikasema. "Tunaenda kumuchukua."

Papa Sadiki alikuwa amesikia yote.  Alibeba bidon ya esanse ya moteri ye mwenyewe ku mabega, muntu muzima vile, tukashuka ku maji. Eugène alikuwa njo anafika na bantu bake kumi na sita, nikahesabu tena na macho yangu: kumi na sita, Nicolas moja. Tukamugeuza palepale. Norbert hajui kuogelea, anaogopa ziwa tangu utoto, lakini aliingia wa kwanza. Na mi nikaingia, ju ni mi nilisema lile neno, bametimia.

Tulizunguka. Maji ni ileile kila fasi, unaona kichwa kumbe ni jani. Norbert alikuwa anaita, "Vainqueur! Vainqueur!" mupaka sauti ikakatika. Mi nilikuwa naomba Mungu na kutukana yaya yangu ndani ya moyo, yote mara moja.

Saa tisa, Eugène akaona kitu ya manjano. Ni bidon, na mwanaume mwenye ndevu ameikumbatia, macho imefunga. Tulimuvuta bote pamoja. Alikuwa baridi sana lakini alikuwa mzima. Norbert akalia waziwazi, akamufunika na shati yake, anasema, "Nisamehe, ni mi, mufuko ulikuwa moja, nisamehe," na Vainqueur anamuangalia tu, haelewe huyu muntu wa kifua wazi anaomboleza mifuko gani.

Tulimupatia maji kidogo kidogo. Akaanza kuongea, sauti chini kabisa.

"Nilikuwa nyuma ya boti yenye kupinduka. Nilikuwa nabaona bavuvi. Sauti ilikuwa imeniisha. Bakazima moteri, huyu muvuvi akashika telefone, nikasema sasa banahesabu, bataona napunguka." Akapumzika. "Kisha akapandisha sauti akasema, Arlette anasema tumetimia. Bakawasha moteri, bakaenda."

Eugène akaangalia maji.

Vainqueur akatupitisha macho, moja moja. "Huyu Arlette njo nani?"

Norbert akafungua kinywa aanze maneno yake ya mifuko. Nikamushika mukono anyamaze.

"Ni miye," nikasema.