Mguu Asiokanda Mkandaji

Mkandaji wa mtaa wa Kuze hana mikono ya kutulia. Akikosa mguu wa mtu hulikanda goti lake mwenyewe, macho yako mlangoni. Mafuta ya simsim huyapasha moto viganjani, na kabla hujajibu salamu kidole gumba kishaingia nyamani. "Ulichutama? Ulibeba mzigo? Uliteleza ngazini?" Maumivu nyuma ya goti, kwake, yana njia nyingi: msuli kuvutika, maji kujaa, baridi yabisi. Anayepiga kelele humwambia, "Pole, bwana harusi," naye hapunguzi nguvu.

Mzee Yeslam alikuja akichechemea. Wiki nzima alikuwa kakaa kitini kando ya kitanda cha mkewe hospitalini. Juzi wakamzika, naye akahamia mkekani kupokea watu wa tanzia, miguu kaikunja. Asubuhi ile goti likamshika kwa nyuma, ghafla.

"Kanda upesi, nirudi kwa wageni."

Mkandaji akagusa mguu mmoja, akagusa wa pili, akaurudia ule wa kwanza. Ulikuwa umevimba, una moto. Akaondoa mikono yote miwili.

"Huu sikandi, ami. Huenda ni damu imeganda. Nikiisukuma itapanda kifuani. Twende hospitali, sasa hivi."

"Hospitali ndiko nilikomwacha mke wangu."

"Najua. Na wanao hawajaukunja ule mkeka. Wataka wakukalie tanzia na wewe?"

Yeslam akaanza kupapasa makubadhi yake kwa mguu ule mzima.