Mtungi wa Uji Kwenye Gari la Stima

Kwa miaka kumi na minane Nerima aliuza uji karibu na stesheni ya reli Nakuru, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyemrudishia kikombe akisema uji umepoa. Waliomrudishia walisema mambo mengine, sukari kidogo, ndimu nyingi, na kila mmoja alijibiwa papo hapo mbele ya watu. Lakini kupoa, hapana. Uji wake uliingia ndani ya mtungi wa lita ishirini alfajiri ukitokota. Mtungi ulivikwa blanketi kuukuu, juu ya blanketi gunia, juu ya gunia kamba, na saa tano asubuhi mteja wa mwisho bado alikuwa anapuliza kikombe.

Gari lilimjia kupitia uji huohuo. Mteja wake mmoja, injinia wa visima vya mvuke kule Menengai, alihamishwa, akawa anauza gari lake dogo la stima, la mtumba kutoka Japani. Watu waliliangalia, wakaliacha. Betri ilikuwa imezeeka. Ikijaa kabisa ilikupeleka mwendo wa kwenda Naivasha na kurudi nusu ya njia, na hapo ni barabara tambarare. Nerima aliuliza maswali matatu tu: linachajiwa wapi, linakwenda mpaka wapi, na kama likizima linadhuru mtu. Zamu yake ya kupokea fedha za chama ilipofika, akalinunua.

Mumewe Dalmas, ambaye babake na babu yake walikuwa watu wa reli, alilizunguka mara mbili.

"Mama Sydney, hii haingurumi."

"Wewe unanguruma vya kututosha sisi wote."

"Ni friji yenye matairi."

"Basi ingia ndani upoe."

Gari lilichajiwa kwenye soketi ya jikoni, waya ukipita dirishani, na mwaka mzima Nerima alilitumia kusafirisha watu na mizigo mjini. Halafu akasikia kwamba kituo kimoja cha kuangulia vifaranga kinatafuta mtu wa kupeleka vifaranga wa siku moja upande wa Mau, kila Alhamisi, mwaka mzima. Akavaa leso safi, akaenda kumwona meneja, mwanamke mpole aitwaye Wachuka, na kazi akapewa kwa majaribio.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Vifaranga walifika Elburgon wazima, lakini Nerima alikuwa amewasha hita njia nzima ili wasishikwe na baridi. Sasa, gari la petroli au dizeli lina joto la bure, kwa sababu injini yake huchemka hata usipoitaka ichemke. Gari la stima halina cha bure. Joto la hita linatoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu, kwa hivyo kila ukijipasha moto unakula barabara. Nerima alikula barabara yake yote. Akirudi, gari lilizima Njoro, mbele ya vijana wa bodaboda, na aliyemvuta kwa kamba mpaka Nakuru alikuwa Karanja, dereva wa pikapu ya kituo, mtu aliyekuwa akiitaka njia hiyo ya Mau yeye mwenyewe. Karanja alipiga video kwanza ndipo akafunga kamba.

Wachuka alimpa Nerima nafasi moja zaidi. "Mama Sydney, mimi sina ubaya na gari lako. Lakini kreti zangu lazima zirudi kabla ya saa sita, vifaranga wengine wanazingojea. Ukienda na kurudi bila kuvutwa, njia ni yako. Ukivutwa tena, nampa Karanja. Na Alhamisi hii Karanja atakufuata nyuma."

"Kunifanyia nini?"

"Kubeba kamba."

Nerima akachukua funguo zake. Alikwenda nyumbani, akaketi jikoni na kuitazama mitungi yake miwili ya uji. Ilikuwa imesimama pembeni na magunia yake, kama wazee wawili waliostaafu.

Alhamisi ilikuwa ya Julai, na Julai Mau haicheki na mtu kwa baridi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Nerima aliingia kituoni na mitungi yote miwili imejaa maji yaliyotoka kuchemka. Kreti nne za vifaranga, kila moja mia na wawili wa nyongeza, zilipangwa nyuma baada ya viti kulazwa, na mitungi ikakaa katikati yake. Blanketi alikuwa ameliacha nyumbani. Uji unataka joto libaki ndani. Hawa walitaka joto litoke, ila polepole. Gunia peke yake lilitosha. Alikuwa amejaribu asubuhi mbili uani, madirisha yamefungwa, mkono wake ukiwa ndio kipimo, huku Dalmas akimuuliza kama friji sasa imekuwa bafu.

Karanja alichungulia dirishani, kamba begani.

"Mama Sydney, unapeleka vifaranga ama unaenda kuwapikia uji?"

"Nikibakisha nitakupa. Uso wako unaonyesha hukunywa utotoni."

Kwenye dashibodi alikuwa amebandika kipande cha selotepu nyeupe chenye namba nne alizoandika mwenyewe kwa kalamu. Njoro 74. Elburgon 49. Shamba 41. Kituoni 13. Hizo ndizo asilimia za betri alizotakiwa kuwa nazo kila mahali. Zikipungua chini ya hapo, Karanja atafungua kamba.

Alienda mwendo wa hamsini, hakuongeza hata nukta. Lori la mbolea lilipompita taratibu, akajibanza nyuma yake ili limkatie upepo, akalifuata kama ndama. Nyuma yake Karanja alipiga honi. Nyuma ya Karanja matatu ilipiga honi. Nerima aliwasikiliza vifaranga tu. Kifaranga hana siri: akisikia baridi hulia kwa sauti kali, akisikia joto jingi hunyamaza na kutanua mabawa, na akiwa sawa huongea chinichini kama wanawake wanaongoja ibada ianze. Hawa walikuwa wakiongea chinichini. Karibu na Njoro walinyamaza, akashusha kioo upana wa vidole viwili, wakaendelea na mazungumzo yao.

Njoro, sabini na tano. Moja juu ya selotepu.

Baada ya Njoro mlima ulianza kweli. Namba zilianguka moja baada ya nyingine, sitini na tano, sitini, hamsini na sita, na mvua nyembamba ikaanza. Nerima hakuogopa namba kuanguka. Mlima ulikuwa kwenye hesabu. Kilichokuwa nje ya hesabu ni lori la magogo lililolala kiubavu barabarani, kilomita mbili kabla ya Elburgon, magogo yametawanyika kutoka mtaro hadi mtaro.

Magari yalisimama. Machache yaligeuka na kuingia njia ya tope kandokando ya msitu. Karanja alishuka, akaja dirishani akiwa amejifunika kichwa kwa mfuko wa plastiki.

"Tupitie kule juu."

"Kule nitateleza mpaka betri iishe nikiwa palepale. Nangoja."

"Wanasema ni saa nzima."

"Saa nzima nikiwa nimesimama hainigharimu chochote. Wewe zima hiyo pikapu yako, inakunywa bure."

Ilikuwa kweli. Gari la stima likisimama, halili. Namba ilisimama hamsini na moja kama imepigiliwa msumari. Lakini baridi haikusimama. Baada ya dakika arobaini Nerima aliweka kiganja juu ya gunia, akahisi uvuguvugu tu. Nyuma, kifaranga mmoja alilia kwa sauti kali. Wa pili akamjibu. Punde kreti nzima ilikuwa inalia, na wote wamejikusanya kona moja, wakipandana migongoni. Hapo ndipo hufa: si kwa baridi yenyewe, ni kwa kukanyagana wakiikimbia.

Karanja alirudi. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Washa hita, mama. Wale watakufa kwa sababu ya kiburi chako."

Kidole cha Nerima kilikuwa tayari kwenye kitufe. Akikibonyeza, vifaranga watanyamaza, na yeye atavutwa kutoka Njoro tena, mbele ya bodaboda walewale. Asipokibonyeza, atafika na kreti za maiti. Aliangalia nje kupitia mvua. Mbele kidogo, juu ya ukingo wa barabara, moshi ulikuwa unatoka kwenye kibanda cha mabati. Mtu aliyeuza uji miaka kumi na minane anaujua moshi wa jiko kubwa.

Akaondoa kidole.

"Karanja, una mikono?"

"Ninayo."

"Beba mtungi mmoja. Mimi nabeba mwingine."

Kibandani mwanamke aitwaye Jepkemei alikuwa anachemsha mahindi kwa sufuria mbili, na sufuria ya tatu, kubwa kuliko zote, ilikuwa na maji ya chai ya wapakiaji mbao. Alimtazama Nerima akimwaga maji vuguvugu mtaroni.

"Maji moto tu? Bila majani?"

"Bila majani, mama. Si ya kunywa. Nina watoto mia nne kwa gari, wanasikia baridi."

Jepkemei alimtazama Karanja. Karanja akatikisa kichwa kukubali, akiwa na tope mpaka magotini. "Na wanane," alisema.

"Basi mahindi yanaweza kuchelewa," Jepkemei alisema, akashika sufuria kwa leso. "Lakini chai ya hao wa mbao utaieleza wewe. Mimi siwezi maneno."

"Hiyo niachie. Maneno ninayo ya kugawa."

Akawaeleza. Wapakiaji wawili hata walisaidia kurudisha mitungi garini, kwa kutaka kuona hao watoto. Mitungi ilifungiwa magunia, milango ikafungwa, na Nerima akaingia nyuma kwa magoti, akiwatawanya vifaranga kwa mikono kutoka kwenye kona, kreti hadi kreti. Dakika kumi. Kilio kikawa malalamiko. Malalamiko yakawa maongezi. Namba kwenye kioo cha dashibodi ilikuwa bado hamsini na moja.

Gogo la mwisho liliposukumwa kando, Nerima aliwasha gari bila sauti, akapita.

Chepngeno, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waliokuwa wakingojea vifaranga shambani, alikuwa mtu wa kuhesabu. Alihesabu kila kreti mara mbili kwenye banda lililokwisha kupashwa moto kwa jiko la makaa, huku wenzake wakiimba polepole na Karanja akiangalia saa yake. Mmoja alikuwa amekufa. Mmoja, kati ya mia nne na wanane.

"Mwezi uliopita walikufa kumi na wanne," Chepngeno alisema, akimtazama Karanja, kwa sababu mwezi uliopita dereva alikuwa Karanja. Kisha akamgeukia Nerima. "Wewe umewafanya nini?"

"Niliwaletea uji," Nerima alisema, na kupakia kreti tupu.

Betri ilisoma arobaini na moja. Selotepu ilisema arobaini na moja.

Saa nne na nusu walianza kushuka, na sasa mlima ukaanza kulipa. Gari la stima likiteremka, ukiinua mguu, magurudumu ndiyo yanayoisukuma mota, na mota hurudisha stima kwenye betri. Nerima alitoa mguu kabisa. Msitu ulipita taratibu, mvua ikabaki nyuma, bonde likafunguka mbele na jua juu yake. Thelathini na nne. Kisha, kwenye mteremko mrefu, thelathini na tano. Kisha thelathini na sita. Alicheka peke yake ndani ya gari. Miaka kumi na minane alikuwa amesukuma mkokoteni wa mitungi akijua kwamba mteremko ni wa kukushika pumzi na kukuumiza magoti. Leo mteremko ulikuwa unamlisha.

Njoro vijana wa bodaboda walimtambua. Mmoja alisimama juu ya pikipiki yake.

"Niaje, mathe. Leo unavutwa na nani?"

Nerima alishusha kioo chote. "Tazama nyuma yangu. Hiyo pikapu ndiyo inafuatana na mimi, haijui njia."

Walicheka wakampigia honi mpaka akapinda kona. Nyuma, Karanja aliitazama barabara mbele yake kana kwamba hakuna mtu.

Saa sita kasoro dakika kumi aliingia kituoni. Wachuka alikuwa mlangoni, simu mkononi. Chepngeno alikuwa amekwisha kumpigia. Hata hivyo alikuja mpaka kwenye dirisha la Nerima, akainama, akasoma kioo cha dashibodi. Kumi na nne. Kisha akasoma selotepu. Kumi na tatu.

"Karanja," alisema bila kugeuka. "Kuna mahali ulimvuta?"

Karanja alishuka. Angeweza kusema mengi kuhusu mwendo wa hamsini na honi za nyuma, na njiani alikuwa ameyapanga. Akatazama suruali yake iliyokauka tope.

"Hapana, Madam. Yeye ndiye alinibebesha mtungi."

"Sawa," Wachuka alisema. "Mama Sydney, Alhamisi ijayo vifaranga ni mia tano. Upite hapa saa kumi na mbili."

"Mia tano wanataka mtungi wa tatu," Nerima alisema. "Nitautafuta."

Alitoa kreti mwenyewe, moja moja, akazipanga mlangoni. Magunia yalikuwa yamelowa chapachapa. Akayakung'uta, akamwendea Karanja aliyekuwa anairudisha kamba kwenye pikapu.

"Hiyo kamba niachie."

"Ya nini? Si huvutwi tena."

"Nataka kuanikia magunia," Nerima alisema, akaichukua na kuitia begani mwake.