Mkono Nilioushika Handakini

Kosa langu lilianza palepale mimi, mke wangu na mama yake tulipopanda treni Ifakara kwenda Mbeya: nilijitia utaalamu. Nilikuwa nimejisomea njia nzima kwenye simu, nikataka mama mkwe, ambaye hata shikamoo nilimpa kwa mbali, aone bintiye kaolewa na mwanamume.

"Tukipita Mlimba, reli inaingia ndani ya milima," nikawaambia. "Msiogope giza, mimi nipo."

Treni ikazama handakini. Giza likawa zito kuliko nilivyosoma. Nikaudaka mkono wa mke wangu, nikaufinya, nikapiga yowe: "Tunakufa!"

Mwanga uliporudi, mke wangu alikuwa dirishani, anacheka.

"Mkwe," mama akasema taratibu, "handaki limeisha. Niachie mkono."

Tangu siku hiyo haniiti tena mkwe. Ananiita mwanangu.