Maneno Matatu ya Madeleine

Georgette alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2007 akitokea Uvira, Kongo, shahada yake ya sheria ameishonea ndani ya pindo la kikwembe alichojifunga. Alilima maharage miaka mitatu. Kisha kanisa likamdhamini kusoma masomo ya juu ya sheria ya jinai na kriminolojia katika chuo kimoja cha Mbarara. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, akapanga chumba mtaa wa Nyamityobora.

Utafiti wake ulihusu wanawake waliofungwa kwa mauaji. Mwalimu wake, Nasif, alimwonya mapema.

"Kazi yako ni kuuliza na kuandika. Ukiingilia kesi ya mtu, utafiti umekufa."

Gerezani alikutana na Madeleine, mkulima wa Fizi, mkimbizi wa Nakivale kama yeye, aliyekuwa na miaka minne ndani kwa kumuua mumewe. Jalada Georgette alikwisha kulisoma. Maelezo ya polisi, kwa Kiingereza, yalisema mume alikufa kwa mikono ya mkewe, na mke amekiri.

"Mama, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia kweli. Bwana yangu alitoka mu shamba, damu inamutoka ku kichwa. Batu balimupiga sababu ya mupaka ya shamba. Nikamupakata. Alinifia mu mikono. Askari akaandika, nikatia kidole."

Georgette aliweka kalamu chini. Kwao Kivu kila mtu angeelewa kwamba mume alikata roho huku mkewe amempakata. Askari, ambaye Kiswahili alikiokota kazini, alisikia kifo na mikono, akaandika mauaji.

Jumapili alikaa kanisani, mtaa wa Ruti, mahubiri yakampita. Jumatatu alimpelekea wakili mmoja, Ruqayah, nakala ya jalada, kisha akaenda mwenyewe kumwambia Nasif.

"Nilikuonya," Nasif akasema.

"Ulinionya, mwalimu."

Chuo kilifuta utafiti wake. Alianza mwingine, juu ya wizi wa mifugo, ambao haukumvutia hata kidogo, na akamaliza mwaka mmoja baada ya wenzake.

Rufaa ilisikilizwa mwaka 2013. Georgette aliapa, akawaeleza majaji maana ya maneno yale matatu, "alinifia mu mikono". Nasif alikuwa amekaa benchi la nyuma, hakuna aliyemwita. Madeleine akaachiwa huru.

Walirudi Nakivale pamoja kupitia mji wa Kaberebere. Shamba la Madeleine lilikuwa limegawiwa watu wengine. Binti yake, Sonia, aliyemwacha na miaka miwili, sasa alikuwa na minane, akiishi kwa shangazi. Mtoto alitoka na kutoa mkono kwa adabu.

"Jambo, mama."

Ndivyo alivyokuwa akimsalimia kila mwanamke mzima. Madeleine alilijua hilo. Aliupokea mkono, akauachia, akaketi kando ya ungo wa maharage na kuanza kuchambua.

"Usimuambie kitu," alimwambia Georgette kwa sauti ya chini. "Anizoee kwanza."

Baada ya muda mtoto naye aliketi, upande wa pili wa ungo.