Gari Ilitaka Mguu Wangu Ufungwe Mukanda

Mguu wangu wa kushoto ulibaki Masisi, kwenye bombe lililotegwa na watu wa Komanda Radi. Jina lake nalitaja, aone haya kama anazo. Ndiyo maana nilinunua gari ya otomatiki, haina amburayaji, ile pedali ya mguu wa kushoto, mguu moja unatosha. Kasereka aliyeniuzia kule Bunagana hakunieleza kama inalia.

Juzi, hapa Murara, mguu wa plastiki ulinichoma kwa joto. Nikauvua, nikauweka kwenye kiti cha pembeni. Nyuma alikaa Mama Furaha, muuza maharagi wa Mabanga, kati ya magunia yake. Mbele kidogo, katikati ya soko, gari ikaanza: bip, bip, bip.

Sauti kama hiyo mimi najua inavyoisha. Nikasimamisha gari, nikajitupa chini. "Kimbieni, kuna bombe." Soko lote likakimbia, tomati zikakanyagwa, mama mmoja akaanguka na mutoto mugongoni.

Mama Furaha hakukimbia, magunia yalimuzibia mulango. Alinyoosha mukono, akauinua mguu wangu. Kimya. Akaurudisha. Bip, bip.

Watu walikuwa wanarudi, yule mama akipangusa mutoto vumbi.

"Papa," Mama Furaha akaniambia, wote wakisikia, "gari inazani huu mguu ni abiria. Inataka uufunge mukanda."