Kikombe Kilichonuka Ndagala

Nyumbani kwetu kunywa kwa kelele ni aibu. Papa akisikia muntu anavuta chai, anaweka kijiko chini na kungoja mpaka nyumba inyamaze. Kwa hiyo siku ile agronomu, fundi wa mazao wa depo ya kununua kahawa, aliponipa kijiko na kuniambia nivute kahawa kwa nguvu, isikike mpaka nje, nilishindwa. Nilikunywa kimya, kama muntu anayepokea komunyo. Akacheka.

"Mutoto, hiyo si dawa. Vuta pamoja na hewa, njo utasikia."

Alikuwa ameomba kijana mumoja wa kuonja kahawa kutoka kila kikundi cha wakulima, mwenye ulimi usioharibiwa na tumbaku wala pilipili. Kiongozi wa kikundi chetu alinitaja mimi. Alisema muntu asiyesema sana anasikia vizuri. Mimi ningeona heri kuosha sufuria za mutaa muzima kuliko kusimama pale mbele ya watu.

Kahawa ya mama yangu inatoka juu, kwenye milima ya Moba, katika shamba aliloachiwa na baba yake. Sisi tunakaa Kalemie, karibu na maji ya ziwa, kwa sababu Papa ni muvuvi. Kila mwaka kuna mufanyabiashara anayefika kule wakati miti imejaa maua meupe. Analipa bei anayotaka yeye, na kahawa ikiiva si yetu tena. Sisi tunaita kuuza maua. Mama ameuza maua tangu sijaanza shule. Mwaka huu alikataa. Depo mpya ilisema itanunua kahawa safi kwa bei nzuri, iliyoandikwa kwenye ubao kila muntu aione, na ambaye kahawa yake itapita kwenye kuonjwa atapewa pesa kidogo mapema kwa ajili ya mavuno yanayofuata. Mama alikwenda Moba, akachuma zile zilizoiva nyekundu tu. "Nikipita," aliniambia, "sitauza maua tena."

Lakini boti iliyoleta magunia kutoka Moba ilipigwa na mvua, na yalifika yamelowa. Kahawa ikikaa na maji inaota ukungu, na katika parsele yetu, kiwanja kidogo cha nyumba, hakuna pa kuanika ila nyavu za kukaushia ndagala, wale samaki wadogo wanaotulisha. Mama alizikung'uta, akazimwagia maji, akatandaza kahawa juu yake. Nilimusaidia kuigeuza kwa mikono mpaka ikakauka. Hakuna aliyefikiria harufu. Kwetu ndagala si harufu, njo hewa yenyewe.

Pale depo vikombe vilikuwa na namba chini, ili anayeonja asijue ni vya nani. Wamama wa kikundi walikaa kwenye benchi. Agronomu aliniambia nisitafute maneno makubwa, niseme kitu chochote ninachokijua. Kwenye kikombe cha kwanza nilisema ganda la chungwa. Kwenye kingine, karanga zilizoungua kidogo. Akakubali kwa kichwa, na mimi nikaanza kuvuta kwa kelele kweli, karibu nifurahi.

Halafu nikavuta kile kikombe. Kwanza utamu, kisha nyuma ya ulimi nikasikia parsele yetu. Huko mbali na nyumbani nilikutana nayo kama ndugu uliyemukuta ugenini. Nikamutazama Mama. Alikuwa anaangalia mudomo wangu.

Ningeweza kusema karanga. Lakini kahawa yote iliyopita ingechanganywa pamoja, na tulikuwa tumeambiwa kwamba moja mbaya inarudisha zote, na wale wamama wengine pia walikuwa wamekataa kuuza maua. Sitajifanya hapa kwamba nilifikiri hayo yote wakati ule. Niliulizwa, nikajibu.

"Ndagala."

"Sema tena, hawajasikia."

"Iko na ndagala."

Mama mumoja akasema kama iko na ndagala basi mulete bukari, ule ugali wetu, tumalize kabisa. Benchi lote likacheka. Mama yangu alicheka kuliko wote, akapiga mapaja. Agronomu akaonja, akatikisa kichwa, akageuza kikombe, akasoma namba. Kisha akamwita Mama.

Alimweleza kwa heshima. Alisema hakuna aliyeiba wala kudanganya, ila kahawa ianikwe juu ya meza ya waya, mbali na samaki. Alisema bei yao ni ya haki kwa sababu kikombe hakijui mwenye kahawa ni nani. Ni kweli, hakijui. Hakijui pia nani iko na nafasi ya kuweka meza na nani hana. Tulirudi na magunia kwenye baiskeli ya kukodi, Mama anasukuma mbele, mimi nashika nyuma.

Jumapili, baada ya misa, alikaanga kidogo ya ile kahawa, akaitwanga, akaipika. Sisi hatunywi kahawa, tunakunywa chai. Akamimina vikombe vitatu, akaniambia nivute sawa na kule depo. Nikamutazama Papa. Akageuza uso. Nikavuta, na nyumba nzima ikasikia.

"Iko?"

"Iko, Mama."

Akavuta naye, akakohoa. Akafunga macho, akavuta tena. Akamupa Papa, Papa akanusa, akainua mabega.

"Mimi nasikia kahawa tu," Mama akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama muntu anayetafuta kitu gizani kwa mukono. Kisha akauliza, "Wewe ulijua ni yangu?"

"Nilijua."

Akaweka kikombe chake chini.

"Na ile itakayokuja, nitaianika wapi?"

Papa alitazama nje kwenye nyavu, ndagala wa asubuhi wakiwa wametandazwa juu yake, wanang'aa. Mimi pia nilitazama huko.

"Mvua zikirudi, miti itatoa maua," Mama akamwambia Papa. "Umupigie simu yule muntu anayenunua maua."

Nilikunywa kikombe changu mpaka mwisho, bila kelele.