Nyumba Niliyoikataa Kisumu

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado naona haya. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani kijana mwenye Datsun kuukuu na kichwa kilichovimba kwa ajili yake. Mama Bhavna, mjane wa Kihindi aliyetupangisha nyumba, aliniita barazani.

"Bwana Ouma, mimi nahamia kwa mtoto, Nairobi. Nyumba nunua wewe, bei tutasikizana. Atieno anapenda hii barabara sana."

Kweli, mke wangu aliipenda. Alikuwa mshonaji, na duka aliloshonea, soko, kanisa, hata ziwa, vyote alivifikia kwa miguu. Jioni tulishuka pamoja polepole kuelekea majini, upepo ukituletea harufu ya samaki wa kukaanga, na kwenye kila mlango mtu akimwita kwa jina lake tusimame kidogo. Siku nyingine nilihisi kama naota huku natembea.

Lakini nilimcheka yule mama. "Mtu ananunua nyumba town kama hana dala? Dala yangu iko Asembo."

Ndivyo tulivyolelewa: dala ni boma la kwenu, utakapozikwa, nyumba ya mjini ni pa kutundikia shati. Atieno alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka kumuuliza.

Nyumba ikachukuliwa na mwingine. Nikajenga Asembo, Atieno akahamia huko, mimi nikabaki na chumba mjini na kurudi kila Jumamosi. Kule walimwita Nyar Gem, binti wa Gem, kama wake wote wanavyoitwa kwa jina la walikotoka. Ni jina la heshima.

Miaka ya tisini nilimleta Kisumu kwa daktari wa macho. Tulipomaliza aliniomba nisimamishe gari kwenye barabara yetu ya zamani, akashuka peke yake. Nilimngoja sana. Alirudi na vumbi miguuni, uso unang'aa.

"Baba Achieng', leo watu wameniita Atieno."

Nililia, mwanangu, mikono ingali kwenye usukani.

Basi wewe unayetafuta nyumba, boma la wazee liheshimu, halitahama. Ila kabla ya kutaja bei, tembea ile barabara na mwenzako, jioni, bila haraka. Kisha muulize anataka kuishi wapi, na unyamaze mpaka amalize kujibu. Mungu akujalie mlango ambao mwenzako akitoka, kuna anayemwita kwa jina lake.